Shajara ya mradi: jina moja kwa nyumba ambayo anwani yake haitulii

Jumamosi, 4 Januari 2025

Kaseti zimekwisha kuingia kwenye kompyuta, zote 31, isipokuwa upande wa B wa kaseti ya 17, kwa kuwa utepe umekatika mwanzoni mwa upande huo. Baba alizirekodi hapa hapa Ngamiani, Tanga, kati ya 1986 na 1994 kwa redio-kaseti aliyokuwa akiiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Kila kasha lina mwandiko wake wa kalamu ya buluu: "Mama – ngano – mvua", "Harusi, usiku wa pili", "Mama – ngano – watoto wote wapo". Huyo Mama ni bibi yetu. Wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Sasa imebaki kazi ya pili, nayo ndiyo ninayoianzishia shajara hii. Dada yangu yuko Maskati na anataka kusikiliza. Nimeshamtumia vipande kwa WhatsApp, lakini upande mmoja wa nusu saa, ukiuhifadhi kwa FLAC bila kuupunguza ubora, unafika karibu megabaiti 150, na yeye hataki vipande. Anataka akae jioni, achague kaseti, asikilize mpaka mwisho.

Ningeweza kuzipandisha zote kwenye huduma ya mtu mwingine. Sitaki. Kwenye kaseti hizi kuna watu wanazungumza mambo ya nyumbani bila kujua kama kuna siku watasikilizwa na wengine, na wengi wao hawapo tena kuombwa ruhusa. Zitakaa nyumbani, na jamaa watakuja kuzisikilizia nyumbani, hata walio ng'ambo.

Seva ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, ThinkCentre M710q, RAM gigabaiti 8, diski ya SSD, Debian 12, na juu yake Jellyfin, programu ya kusikilizia mafaili yako mwenyewe kwa mtandao. Ndani ya nyumba kila kitu kinafunguka kwa 192.168.1.20. Nje ya nyumba anwani hiyo haina maana yoyote, kwa sababu namba zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani na nyumba milioni nyingine duniani zinazo hizo hizo. Dada anahitaji anwani ya nje ya nyumba yetu, na anwani hiyo hubadilika. Kwa hiyo mradi ni huu: kuipa nyumba jina, na kuhakikisha jina linaifuata anwani kila inapohama.

Jumapili, 5 Januari

Kabla ya kugusa jina lolote nilipima jambo moja, na yeyote anayeanza kazi hii naomba aanzie hapa. Nilifungua ukurasa wa ruta nikaandika pembeni anwani iliyopewa upande wa nje. Kisha kwenye seva:

`curl ifconfig.me`

Amri hiyo inakuonyesha anwani ambayo dunia inakuona nayo. Namba mbili hizo zinatakiwa zifanane. Zangu hazikufanana. Ruta ilisema 100.72 na kuendelea; dunia iliniona kwa namba nyingine kabisa.

Chochote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 kilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Chanzo chake ni uhaba. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya ghala kuu la dunia yaligawiwa Februari 2011. Basi kampuni inafanya kama mwenye nyumba ya kupangisha: mlango wa barabarani ni mmoja, vyumba ni vingi. Ukitoka, unapita. Lakini mgeni akibisha mlango wa barabarani, hakuna anayejua anamtaka mpangaji gani.

Katika hali hiyo jina halisaidii kitu. Lingemleta dada hadi mlango wa barabarani na kumwacha pale.

Jumatano, 8 Januari

Simu ya tatu kwa kampuni ya intaneti. Wa kwanza aliniambia nizime ruta niwashe. Wa pili alinielekeza kifurushi cha biashara chenye anwani isiyobadilika. Bei yake kwa mwezi inazidi mara mbili ninacholipa sasa. Wa tatu alinielewa nilipoacha kusema "anwani isiyobadilika" na kumwambia hivi: "Naomba mnitoe kwenye anwani ya pamoja. Ikibadilika kila siku sijali, mradi iwe yangu peke yangu kwa muda huo." Akasema hilo linawezekana bila kuongeza malipo, niombe kwa barua pepe.

Nimeiandika sentensi hiyo kama nilivyoitamka kwa sababu nadhani ndiyo iliyofungua mlango.

Ijumaa, 10 Januari

Barua imejibiwa. Nimezima ruta, nimewasha, nimelinganisha: namba mbili zimefanana. Nimelinganisha tena mara mbili.

Jumapili, 12 Januari

Siku mbili hizi nimeiacha seva iandike anwani yetu kila dakika tano. Imebadilika mara tatu, na kila mara ni baada ya umeme kukatika au ruta kuzimwa. Ikikaa bila kuguswa, haihami.

Leo nimechukua jina kwenye DuckDNS. Ni huduma ya bure: unachagua neno lako, wanakupa jina linaloishia na duckdns.org, na wanakupa tokeni, yaani neno refu la siri linalothibitisha kwamba jina ni lako. Hapa nitaliandika "jinaletu".

Namna linavyofanya kazi ni jambo ambalo mtu wa Ngamiani haliwi geni kwake. Mgeni akishuka stendi akitafuta nyumba ya mtu, anauliza kwenye baraza la kahawa. Wazee wa baraza hawakai nyumbani kwako, wanajua tu ulipo. Ukihama kutoka Barabara ya 12 kwenda ya 15, jambo la lazima ni moja: upite barazani uwaambie. Usipopita, watamwelekeza mgeni nyumba ya zamani kwa nia njema kabisa. DNS, mfumo wa intaneti unaobadili majina kuwa anwani, ndilo baraza, toka ilipobuniwa mwaka 1983. Hicho kinachoitwa DNS inayobadilika ni ile desturi ya kupita na kuaga.

Kuna na muda wa kukumbuka, TTL. Mgeni aliyeelekezwa jana hatauliza tena leo kama anaamini bado anakumbuka njia. Kwa majina yasiyohama huwekwa saa nzima au siku nzima. Kwa jina letu `dig`, amri ya kuiuliza DNS, inanionyesha 60, yaani sekunde 60 na baada ya hapo kila mtu aulize upya. Kwa nyumba inayohama, huo ndio muda unaofaa.

Skripti niliyoandika ilikuwa mstari mmoja wa `curl` ndani ya cron, kiratibu kinachoendesha amri kwa saa zake, kila dakika tano. Nikajaribu jina kwa data ya simu: likaelekea kwetu. Nikaenda kulala nimeridhika.

Jumanne, 14 Januari

Umeme ulikatika jana magharibi. Uliporudi, jina halikuelekea kwetu tena. Nilipolifungua kwa simu nikakuta ukurasa wa kuingilia ruta nisiyoijua, ya nyumba ya mtu mwingine. Anwani yetu ya zamani alikuwa ameshapewa mteja mwenzetu, na jina letu lilikuwa linapeleka watu kwake.

Nilikaa na skripti mpaka saa tano usiku. Kosa lilikuwa tokeni: wakati wa kunakili niliacha herufi ya mwisho. Kila dakika tano kwa siku mbili huduma ilikuwa inanijibu KO, maana yake imekataa, na mimi nilikuwa nimeelekeza majibu yote kwenye `/dev/null`, shimo ambalo kila kinachoingia hupotea. Lakini kwa nini jina lilielekea kwetu siku ya kwanza? Kwa sababu unapolisajili kwenye tovuti, wao wenyewe wanaliandikia anwani unayotumia saa hiyo. Kwa hiyo lilikuwa sahihi tangu mwanzo bila skripti yangu kufanya lolote, na lingeendelea kuwa sahihi mpaka anwani ihame. Jaribio langu la Jumapili halikuwa jaribio. Jaribio la DNS inayobadilika ni kuibadilisha anwani na kutazama kinachofuata.

Skripti ya sasa:

```
#!/bin/bash
T=$(cat /etc/ddns/tokeni)
J=$(curl -s -m 20 "https://www.duckdns.org/update?domains=jinaletu&token=$T&ip=")
echo "$(date '+%F %T') $J" >> /var/log/ddns.log
```

Sehemu ya `ip=` imeachwa tupu makusudi: huduma inajaza yenyewe anwani ambayo ombi limetokea. `-m 20` inaizuia kusubiri milele intaneti ikiwa imekwama. Tokeni iko kwenye faili lake peke yake, na faili limefungwa kwa `chmod 600` ili mwenye faili peke yake alisome, maana aliye na tokeni ndiye mwenye jina. Na kila jibu linaandikwa. Nikaiendesha kwa mkono, OK. Nikazima ruta, nikawasha, nikasubiri huku nikiitazama logi. OK tena, na `dig` ikatoa anwani mpya.

Alhamisi, 16 Januari

Poti 80 na 443, yaani milango ambayo wageni wa wavuti hupitia, zimefunguliwa kwenye ruta kwenda 192.168.1.20, na seva nimeitengea namba hiyo kwenye ruta ili isije ikapewa nyingine. Mbele ya Jellyfin nimeweka Caddy, seva ya wavuti inayopokea wageni, ambayo inaomba cheti cha usalama yenyewe kutoka Let's Encrypt na kukihuisha kabla ya siku 90 kwisha. Cheti kilikuja mara ya kwanza. Nilikuwa na hofu hapo, kwa sababu wakaguzi wao wanalifuata jina lako mpaka nyumbani, na ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja wanakusimamisha kwa muda.

Cheti kimeniondolea wasiwasi mmoja ulionisumbua tangu Jumanne. Siku jina likichelewa kuhama na kumpeleka dada nyumba ya jirani asiyemjua, nyumba ile haina cheti chetu. Kivinjari kitakataa kabla hajaandika neno lake la siri.

Usiku: Mama (mama yetu mzazi, si yule wa kwenye makasha) anasema "haifunguki". Kwa data ya simu inafunguka, kwa Wi-Fi ya nyumbani haifunguki. Nimehangaika saa tatu nikidhani nimeharibu kitu. Hakuna kilichoharibika. Ukiwa ndani ya nyumba ukataja jina, unapewa anwani ya nje, pakiti zinakwenda mpaka kwenye ruta, na ruta hii haijui kumrudisha ndani mtu aliyetokea ndani. Zipo ruta zinazoweza, yangu haiwezi.

Dawa ni kuwa na baraza dogo la ndani. Nimeweka dnsmasq, programu ndogo ya DNS, kwenye seva na kuiambia: akiuliza mtu wa humu ndani, "jinaletu" ni 192.168.1.20. Ruta nayo inaviambia vifaa vyote viulize hapo. Simu ya Mama ndiyo iliyokataa hadi mwisho, kwa sababu kwenye mipangilio ya Android ilikuwa imewekwa DNS ya faragha ya nje na haikuwa inauliza nyumbani kabisa. Nimeizima hiyo, ikafunguka. Mama akasikiliza harusi yote, usiku wa pili, akitaja majina ya wapiga vigelegele mmoja mmoja.

Jumamosi, 18 Januari

Logi ya Caddy ya siku mbili ina maombi ya kurasa ambazo sijawahi kuwa nazo: `/wp-login.php`, `/.env`, na mengine ya namna hiyo. Ni mashine zinazopita nyumba kwa nyumba zikijaribu vitasa. Hazikutulenga sisi, kila anwani ya nje inapitiwa. Lakini nimeamua mambo matatu na sitayalegeza: SSH, njia ya kuiamrisha seva kutoka mbali, haitafunguliwa nje kamwe, kila mwanafamilia ana akaunti yake yenye neno la siri refu nililoliunda mimi, na akaunti ya msimamizi inaingia kutoka ndani tu.

Njia yangu mwenyewe ya kuingia nikiwa safarini ni WireGuard, njia iliyofungwa kwa siri kati ya mashine mbili (VPN), poti 51820 ya UDP, ambayo haimjibu mtu asiye na ufunguo, hata kumwambia kwamba ipo.

Jumatano, 22 Januari

Leo tatizo limetokea Korogwe. Nyumbani kwa mjomba nimeacha Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, yenye diski, inayovuta bekapu ya kaseti kila usiku kwa WireGuard. Tangu juzi haijavuta kitu. Nilimpigia.

"Shikamoo mjomba. Ile mashine taa yake inawaka?"

"Marahaba, mjomba. Inawaka, ya kijani, inapepesa. Mimi siigusi, mjomba, unavyoniambia usiiguse siigusi."

Mashine ilikuwa hai na intaneti ya mjomba nzima. Sababu ni tabia ya WireGuard yenyewe: ukiiandikia jina badala ya namba, inaliuliza jina hilo mara moja tu, wakati inawashwa. Baada ya hapo inashikilia ile namba. Nyumba yetu ilihama juzi saa kumi jioni. Pi ya Korogwe ikaendelea kubisha kule kule. DNS yangu ilikuwa sahihi kabisa, TTL sekunde 60, na haikusaidia, kwa sababu muulizaji hakuuliza tena.

Watengenezaji wanalijua hilo. Kwenye zana za WireGuard kuna skripti iitwayo `reresolve-dns.sh`: inatazama muda tangu pande mbili zisalimiane mara ya mwisho, na ukizidi sekunde 135 inaliuliza jina upya. Nilimwomba mjomba achomoe waya wa umeme na kuurudisha, Pi ikawaka, ikauliza upya, ikaungana. Nikaingia nikaiweka skripti hiyo iendeshwe kila sekunde 30. Kisha nikazima ruta ya hapa makusudi. Dakika sita, Korogwe ikarudi bila mjomba kugusa kitu.

Ijumaa, 24 Januari

Kabla ya kumpa dada jina, nimeongeza tabaka moja. Nimesajili jina letu la familia chini ya .co.tz, na neno "sauti" mbele ya jina hilo nimelielekeza kwenye jina la DuckDNS kwa CNAME, yaani mstari wa DNS unaosema jina hili lifuate jina lile. Maana yake, jamaa watajifunza jina moja tu, letu. Siku nikiamua kubadilisha huduma ya nyuma, nabadilisha mstari mmoja na hakuna atakayehitaji kuambiwa. Caddy ikachukua cheti cha jina jipya, dnsmasq ikaongezewa mstari.

Pia nimeingia kwenye BIOS ya seva, mipangilio yake ya msingi, na kuiambia ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Ilikuwa inabaki imezima mpaka mtu abonyeze. Kazi yote ya jina ingekuwa bure kwa kitufe kimoja.

Jumapili, 26 Januari

Dada ameingia saa mbili kasoro usiku kwa saa za hapa. Nilimwachia achague mwenyewe. Akachagua kaseti ya 17, "Mama – ngano – watoto wote wapo", upande wa A.

Saa 2 na dakika 14 umeme ukakatika mtaa mzima. Sikumpigia. Nilikaa gizani na simu, nikiitazama data. Umeme ulirudi saa 2 na dakika 31. Logi baadaye ilinionyesha yote: seva iliwaka kwanza, skripti ya dakika ya 35 ikaandika mstari usio na jibu kwa sababu ruta ilikuwa bado haijapata anwani, ya dakika ya 40 ikaandika OK. Anwani ilikuwa mpya. Saa 2 na dakika 43 Jellyfin ikaonyesha mtumiaji mmoja, Maskati, kaseti ya 17.

Baada ya nusu saa nyingine ikaja sauti ya WhatsApp, dakika nne. Anasema kwenye ile kaseti Bibi anaita "Paukwa!" na watoto wanaitikia "Pakawa!", na kuna sauti moja inayochelewa kila mara, inaitikia peke yake wenzake wakiwa wameshanyamaza. Anasema hiyo ni yake. Alikuwa na miaka sita. Na kwamba nyuma ya Bibi anamsikia Baba akisema taratibu, "Ehe, mama, endelea." Nilikuwa nimeipitia kaseti hiyo mara mbili wakati wa kuinakili na sikuwa nimeisikia hiyo ehe. Nimerudi nayo kwa spika za masikioni. Ipo, dakika ya 11.

Kuhusu kukatika, alisema kidogo tu: "Ilisimama, nikadhani ni mtandao wa huku, nikaenda kuswali Isha, nikarudi ikaendelea."

Jumamosi, 1 Februari

Wiki hii anwani imehama mara nne. Nimepunguza subira ya baada ya umeme kurudi: skripti sasa inaendeshwa kila dakika kwa dakika kumi za kwanza tangu seva iwake, kisha inarudi kwenye tano. Shangazi wa Pangani na binamu wawili wamepewa akaunti.

Dada anaulizia upande wa B. Nimeufungua mkebe wa kaseti ya 17 kwa bisibisi ndogo: utepe umekatika kama sentimita 40 kutoka mwanzo, na ncha zote mbili ni safi. Jumatatu naupeleka kwa fundi wa redio wa Barabara ya 8, ambaye bado anazo zile gundi za kuungia.